Karani Anajibu: Wakubwa wakijifungia chumbani, huamuaje?

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa hasira tofauti. Wengine wanataka kujua kwa nini viongozi hawasikii, wengine kwa nini hawang'oki. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikaa pembeni ya meza nikiandika kumbukumbu za vikao, na tangu nistaafu jibu langu ni lilelile: ukitaka kujua uamuzi umetoka wapi, tabia ya mkubwa iweke kando kwanza. Uliza chumbani alikuwamo nani, na aliyesema hapana yalimpata yapi kesho yake.

Shikamoo Mzee Karani. Nafundisha historia sekondari. Wanafunzi huniuliza inakuwaje watu wasomi, wenye washauri na majasusi, wanakubaliana kwa kauli moja kufanya jambo ambalo hata mtoto angeliona halifai. Huwa nawajibu kuwa ni uroho wa madaraka. Jibu hilo linatosha? (Mwalimu wa Historia)

Marahaba, mwalimu. Halitoshi. Uroho upo, lakini wenye uroho nao hawapendi kuaibika, na makosa makubwa huwaaibisha wao kwanza. Wape wanafunzi wako kisa cha Ghuba ya Nguruwe.

Aprili 17, 1961, Wacuba wapatao 1,400 waliokuwa wakiishi uhamishoni, waliofunzwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, walishushwa pwani ya kusini ya Cuba ili wamng'oe Fidel Castro. Hazikupita siku tatu wakawa wamesambaratishwa, na zaidi ya 1,100 kati yao wakatekwa. Mpango huo Rais Kennedy aliukuta mezani, umeanza chini ya Eisenhower, rais aliyemtangulia. Hapo awali watu hao walikuwa washushwe karibu na mji wa Trinidad, chini ya milima ya Escambray, ili mambo yakienda mrama wakimbilie milimani. Kennedy akaona kushuka hapo kutapiga kelele mno, eneo likahamishwa. Lakini wazo la kukimbilia milimani halikuhamishwa! Liliendelea kuishi vichwani mwa wakubwa, na hali sasa kati ya ufukwe mpya na milima ile kulikuwa na kilomita zaidi ya mia moja na mabwawa yenye tope. Ramani zilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuikunjua moja mezani na kuuliza watu hao watapita wapi.

Na si kwamba wote walikuwa vipofu. Arthur Schlesinger, mwanahistoria aliyekuwa mshauri Ikulu, aliuona ubaya wa mpango ule na akamwandikia rais kuupinga. Kwenye vikao lakini alinyamaza, au aliuliza maswali mepesi. Robert Kennedy, mdogo wake rais, alimvuta pembeni kwenye sherehe akamwambia kwamba rais ameshaamua, asiendelee kulisukuma. Aliyeupinga kwa sauti mbele ya wote, Aprili 4, ni Seneta William Fulbright, na hapo ndipo ningependa wanafunzi wako wasimame kidogo. Fulbright hakuteuliwa na Kennedy. Kiti chake alipewa na wapiga kura wa Arkansas, akitoka pale kikaoni anarudi kwenye kiti chake mwenyewe. Wengine wote waliozunguka meza ile, asubuhi yao ya kesho ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja.

Sasa ruka miezi kumi na minane. Oktoba 16, 1962, Kennedy anaonyeshwa picha za makombora ya Kisovieti Cuba. Rais ni yuleyule, na wengi wa washauri ni walewale. Siku ya kwanza mawazo yanaelemea kupiga kwa ndege. Ila safari hii chumba kimepangwa vingine. Washauri wanagawanywa makundi, kila kundi linaandika hoja yake kwenye karatasi, kisha makundi yanabadilishana karatasi na kukosoana. Vyeo vinawekwa pembeni, mdogo anambishia mkubwa. Rais mwenyewe anakosekana makusudi kwenye baadhi ya vikao, kwa sababu amekwisha kujua kwamba akiwamo watu wanamtazama usoni kabla ya kufungua mdomo. Kilichozaliwa humo ni kuizingira Cuba kwa meli za kivita, uamuzi uliotangazwa Oktoba 22, na kufika Oktoba 28 Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, akakubali kuyaondoa makombora.

Mimi sijakaa kwenye chumba cha makombora. Nimekaa kwenye vyumba vya bajeti, ajira na viwanja, lakini mwendo wake naujua. Makabrasha yanaletwa asubuhi ileile ya kikao, mazito, yakinuka wino wa mashine ya kudurufu. Mwenyekiti anafungua, anapitisha yatokanayo haraka haraka, kisha kwenye ajenda kubwa anasema, "Mimi naona hili halina tatizo, lakini karibuni wajumbe." Hapo kikao kimekwisha. Nilikuwa na mjumbe mmoja ambaye kwenye korido, kikombe cha chai mkononi, alinichambulia kasoro za mkataba mmoja kifungu kwa kifungu, mpaka nikatamani ningekuwa na kalamu. Tukaingia ndani. Zamu yake ilipofika alisimama, akampongeza mwenyekiti kwa maono, akaomba tu kosa la herufi kwenye ukurasa wa mwisho lirekebishwe. Nikaandika kama nilivyosikia: *Kikao kiliridhia kwa kauli moja.* Kumbukumbu zangu hazikuwa na uongo hata mstari mmoja, na hazikusema chochote kuhusu walichokuwa wakikifikiri watu wale.

Kwa hiyo mwalimu, wafundishe kuishuku kauli moja. Wala wasimgeuze Kennedy malaika wa 1962. Usiku wa Oktoba 27 Robert Kennedy alikutana na balozi wa Kisovieti, Dobrynin, akamweleza kwamba makombora ya Marekani yaliyoko Uturuki nayo yataondolewa, mradi lisitangazwe. Wajumbe wengi wa kamati ile iliyosifiwa kwa mjadala wake hawakuambiwa. Chumba kizuri kilikuwa na chumba kidogo ndani yake. Ndivyo ilivyo karibu kila mahali. Ukimwona mtu anajigamba kwamba yumo kwenye kikao kikuu, muulize kama anajua waliokutana kabla ya hicho kikao.

Mzee Karani, kwa nini baadhi ya marais muda ukiisha wanaaga na kuondoka, na wengine wanaipindisha katiba? Ni malezi au ni roho mbaya tu? (Msikilizaji wa Taarifa ya Habari)

Malezi yana sehemu yake. Nyerere aliachia urais mwaka 1985 bila kusukumwa, ingawa uenyekiti wa chama aliushika hadi 1990. Mandela alitosheka na muhula mmoja, akatoka 1999. Lakini ukikaa kumsubiri mwenye malezi utasubiri sana, kwa hiyo mimi natazama hesabu mbili: mkubwa atapoteza nini akitoka, na waliomzunguka watapoteza nini asipotoka.

Zambia, mwaka 2001. Wapambe wa Rais Frederick Chiluba walikuwa wakimpigia debe agombee kwa mara ya tatu. Waliomkwamisha hawakuwa wapinzani peke yao. Makamu wake wa rais, Christon Tembo, mawaziri kadhaa na wabunge wengi wa chama chake walikataa. Baadhi walifukuzwa chamani, lakini mwezi Mei Chiluba akatangaza kwamba hatagombea. Nigeria nayo, Mei 16, 2006, Seneti ililizika pendekezo la mabadiliko ya katiba ambayo yangempa Rais Obasanjo nafasi nyingine. Makamu wake, Atiku Abubakar, alikuwa upande wa waliolipinga, na yeye mwenyewe alikuwa akiutaka urais. Usiwapambe hawa wote kwa mashada ya demokrasia. Wengine walikuwa wamepanga foleni, na aliye mbele yao alikuwa anataka kuisimamisha.

Foleni ndiyo ninayoitazama. Penye foleni inayosogea, mkubwa ana watu wazito ndani ya nyumba yake wenye faida yeye akiondoka. Mkubwa aliyekaa miaka mingi akimng'oa kila anayeanza kuchipua hubaki na watu ambao bila yeye si kitu. Hao hawawezi kumwambia aondoke. Watamlilia abaki, na machozi yao ni ya kweli kabisa, maana akianguka wanaanguka naye.

Sasa hesabu ya kwanza. Chiluba alimteua mwenyewe wa kumrithi, Levy Mwanawasa. Julai 2002, haujapita hata mwaka mzima tangu uchaguzi, bunge likamvua Chiluba kinga, akafikishwa mahakamani kwa tuhuma za kuiba fedha za umma. Kesi ilimwandama hadi Agosti 2009, alipoachiwa huru. Angola, José Eduardo dos Santos alitawala tangu 1979, akampisha João Lourenço Septemba 2017, mtu wa chama chake mwenyewe. Novemba ileile binti yake Isabel aliondolewa Sonangol, shirika la mafuta la taifa, na Januari iliyofuata mwanawe wa kiume akaondolewa kwenye mfuko wa akiba wa nchi. Sisemi walionewa. Nasema kwamba kila mkubwa mwenye mafaili yasiyopendeza aliyasoma hayo magazetini, na hakuyasoma kama habari za nchi jirani.

Tajiri Mo Ibrahim aliweka tuzo ya dola milioni 5 kwa kiongozi wa Afrika aliyetawala vyema na kuondoka kwa wakati. Joaquim Chissano wa Msumbiji aliipata ya kwanza, 2007. Baada ya hapo kuna miaka mingi iliyopita bila mshindi. Fedha si haba, lakini kwa mtu anayehofia jela si fedha anazozitafuta.

Ndugu mhariri wa safu, hivi mtu wa kilimo akihamishiwa ulinzi, wa ulinzi akapelekwa afya, na baada ya miezi wote wakahamishwa tena, nani anafaidika? (Mkulima Mwenye Maswali)

Anayehamisha. Waziri aliyekaa wizara moja miaka kumi ana watu wake, anajua fedha zilipo, na akikohoa wizara nzima inageuka kumtazama. Aliyefika juzi bado anaulizia njia ya kwenda ofisini.

Bingwa wa mchezo huu alikuwa Rais Mobutu wa Zaire, Kongo-Kinshasa ya leo, na ukitaka kuona mchezo wenyewe fuata maisha ya mtu mmoja, Nguza Karl-i-Bond. Mwaka 1977, akiwa waziri wa mambo ya nje, alishtakiwa kwa uhaini akahukumiwa kifo. Hakunyongwa. Mwaka uliofuata alitolewa, na 1979 akarudishwa wizara ileile ya mambo ya nje, kama mtu aliyetoka likizo. Mwaka 1980 akawa mkuu wa serikali. Mwaka 1981 akakimbilia Ulaya, na akiwa huko akaenda mbele ya Bunge la Marekani kueleza uozo wa Mobutu. Umedhani hapo ndipo mwisho? Mwaka 1985 alirudi nyumbani, akasamehewa, na 1986 akapelekwa kuwa balozi, wapi? Washington, kulekule alikokwenda kumsema! Mwaka 1988 akarudishwa mambo ya nje, na 1991 akawa waziri mkuu.

Watu husoma habari hiyo wakadhani Mobutu alikuwa kigeugeu. Mimi naona alikuwa anawafundisha wengine kwa kumtumia mmoja. Kila kigogo wa Zaire alijifunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba hakuna cheo ambacho hakinyang'anywi, na kwamba hakuna kosa lisilosameheka ukirudi kupiga magoti. La pili ndilo lenye nguvu zaidi. Mtu asiye na tumaini la kurudi huunda upinzani. Mwenye tumaini hukaa karibu na simu. Wizara ya kilimo kuharibika katikati ya hayo, ndugu yangu mkulima, ni gharama ambayo aliyekuwa akihamisha hakuilipa yeye.

Mzee, nijibu kwa kifupi. Hawa wakubwa wana akili kutuzidi au wanatubabaisha? (Kijana wa Chuo)

Kwa kifupi basi. Akili wanazo. Kuona mbele ni jambo jingine. Mtafiti Philip Tetlock alikusanya kwa takriban miaka 20 utabiri wa wataalamu 284 wa siasa na uchumi, akatoa matokeo mwaka 2005: kwa wastani hawakuwazidi sana watu wanaobahatisha, na wale wenye majina, wanaoitwa sana kwenye televisheni, hawakuwa bora kuliko wenzao wasiojulikana, walielekea hata kuwa nyuma yao. Wanachotuzidi wakubwa ni kusoma watu. Kigogo mzuri akiingia ukumbini, kabla hajakaa ameshajua nani kagombana na nani. Kipaji hicho humfikisha juu, na akishafika juu tunamkabidhi mambo ya mabwawa ya umeme na madeni ya nje.

Ndugu Karani, nimeteuliwa hivi karibuni kuwa mshauri wa mkubwa mmoja. Nimeanza kuona mambo nisiyoyakubali. Nikinyamaza nafsi inanisuta, nikisema naogopa kumwaga unga. Wewe uliyeona wengi, wenye akili hufanyaje? (Mshauri Mpya)

Hongera na pole, ndugu yangu. Niliowaona wanapita njia tatu, na zote zina bei.

Ya kwanza ni kuondoka. Robin Cook alijiuzulu kwenye baraza la mawaziri la Uingereza Machi 17, 2003, siku moja kabla ya bunge kupiga kura ya kuivamia Iraki. Hotuba yake ilipigiwa makofi bungeni, jambo ambalo si kawaida pale. Kesho yake kura zikapita, 412 kwa 149. Heshima yake ilibaki, vita vikaenda. Mwenzake Clare Short naye alikuwa ametishia kutoka, akabaki, akajiuzulu Mei baada ya Baghdad kuanguka, na wakati huo hakuna aliyemsikiliza sana. Ukiamua kutoka, toka mapema. Kutishia ukabaki ni kununua hasara za pande zote.

Ya pili ni kubaki ukawa mpingaji rasmi. Hii ndiyo ninayoihofia kwa niaba yako, kwa kuwa inafurahisha. George Ball, naibu waziri wa mambo ya nje wa Marekani, mwaka 1965 alimweleza Rais Johnson waziwazi kwamba Marekani haitashinda Vietnam. Johnson alimsikiliza, akamheshimu, akampa nafasi ya kusema. Kisha akapeleka askari. Ball akageuzwa mtu ambaye kazi yake ni kupinga, na kila mtu mezani anajua atapinga, hivyo akishamaliza wanaona upande wa pili wameshausikia na dhamiri zao zimetulia. Alikaa hadi 1966. Ukiona wameanza kutabasamu unapoinua mkono, jua umeshapangiwa hiyo kazi.

Ya tatu ni kutafuta mwenzako mmoja kabla ya kikao. Siyo kundi, maana kundi litaitwa njama, mmoja anatosha. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch alikuwa akiwaketisha watu kulinganisha urefu wa mistari, jambo ambalo halihitaji shule. Waliokaa pamoja na mhusika walikuwa wamepangwa wataje jibu la uongo. Takriban theluthi moja ya majibu ya wahusika yalifuata uongo huo uliokuwa wazi. Alipowekwa mtu mmoja tu wa kutaja jibu la kweli, kiwango hicho kilishuka sana. Mimi niliona vivyo hivyo bila maabara: wa kwanza akipinga hutazamwa kama mkorofi, wa pili akisema "na mimi nina wasiwasi huo" wajumbe wanaanza kufungua makabrasha yao kutafuta ukurasa.

Na andika. Ripoti ya Chilcot, ya uchunguzi wa Uingereza kuhusu vita vya Iraki, iliyotoka Julai 2016, ilimnasa Tony Blair, aliyekuwa waziri mkuu, kwa barua yake mwenyewe aliyomwandikia Rais Bush wa Marekani Julai 28, 2002, akimwahidi kuwa naye, litakalokuwa na liwe. Wakati huo bunge lilikuwa bado miezi kadhaa mbali na kuamua. Ripoti hiyo ilionyesha pia kwamba mawaziri hawakupewa ushauri wote wa mwanasheria mkuu wa serikali ulioandikwa Machi 7, 2003, ule wenye mashaka ndani yake. Walipewa maelezo mafupi yasiyo na mashaka. Miaka kumi na mitatu baadaye makaratasi yaliyosema na makaratasi yaliyonyamaza yote yalisomwa.

Dokezo lako lisizidi ukurasa mmoja. Usitumie maneno ya kulaumu. Taja uamuzi unaopendekezwa, taja jambo moja ambalo likitokea utakuwa umeharibika, na useme ungefanya nini badala yake. Mkubwa mpe nakala yake mapema, mkiwa wawili, ili akibadili mawazo yaonekane ni yake. Nakala nyingine ipitie masjala, igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe ya kabla ya kikao.